Mkono wa Kushoto wa Shangazi

Mimi sipotei. Nifunge macho, nizungushe mpaka kichwa kiwe maji, kisha nikalishe mbele ya piano: vidole vyangu vitakwenda vinakopaswa kwenda kama ng'ombe wanaolijua zizi lao. Ndiyo maana wananiita Vidole. Wengine hupotea kwenye hesabu, wengine kwenye mapenzi. Mimi kidato cha nne nilipotea katika kila somo, sikatai, hata somo la dini nililiacha njiani. Lakini kwenye muziki? Thubutu. Sonata nzima, ule muziki mrefu wa piano wenye sehemu tatu, bila karatasi mbele yangu. Nilimwambia hivyo Shangazi, nikamwambia baba, nikamwambia na binamu yangu daktari wa meno wakati ameniingiza kile kioo chake mdomoni, kwa hiyo yeye alisikia "hi-o-hei" tu, lakini ujumbe ulifika.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Amefundisha piano maisha yake yote katika sebule ya nyumba yake, na kama uliwahi kupita mtaa ule mchana ukasikia mtoto anatesa noti zilezile kama mtu anayepiga msumari uliopinda, basi ulipita kwake. Hakuwa mwalimu wa kuchekacheka. Alikuwa na rula, ila hakumpiga mtu. Aliishika tu chini ya viganja vyako, na viganja vikilegea vikaigusa, anakutazama. Afadhali angepiga.

Kisha kiharusi kikamkuta. Asubuhi moja alikuwa anamenya viazi, kisu kikamtoka mkononi, na mkono wenyewe ukakifuata. Alipotoka hospitali mguu wa kulia ulikuwa wa kuburuta, na mkono wa kulia ukawa unalala mapajani kama paka aliyeshiba. Maneno yalirudi. Ya kwanza kurudi yalikuwa ya kunigombeza mimi, tukajua mgonjwa atapona. Mkono haukurudi.

Binamu yangu ndiye mtoto wake wa pekee. Si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Ana moyo mzuri na viatu vizuri. Lakini siku moja jirani alisikia harufu ya moshi, akaingia, akakuta sufuria imeungua hadi imekuwa mkaa na Shangazi amekaa sebuleni anaitazama piano. Basi binamu akaja na mkewe, ambaye mimi namwita shemeji, wakakaa kwenye kochi wakiwa wameshikana mikono kama watu waliokuja kuposa.

"Mama, utakuja kukaa na sisi," akasema.

"Nimesahau sufuria," Shangazi akajibu. "Sijasahau kuishi."

"Leo sufuria, mama. Kesho je?"

"Kesho nitakula mkate."

Shemeji alitaka kucheka, akajizuia. Mimi sikujizuia. Binamu akanikata jicho.

"Mama, nazungumza kwa uzito. Kichwa kikishaguswa na ugonjwa ule, kumbukumbu inatoka kidogokidogo. Mwenyewe hujui. Nitapigiwa simu siku moja kwamba nyumba imeungua na wewe umo ndani. Nyumba tutaifunga. Chumba chako kule kiko tayari, kina dirisha."

"Na piano?"

 Binamu anakaa ghorofani, ngazi zake nyembamba hata godoro hupanda kwa kukunjwa.

Shangazi akatazama dirisha, akatazama mkono uliolala, kisha akasema kwa ile sauti yake ya kumwambia mtoto arudie kuanzia juu: "Nikikuonyesha kwamba kichwa changu kizima, utaniacha hapa?"

"Utanionyeshaje?"

"Sonata. Noti ya kwanza hadi ya mwisho, bila karatasi. Umeisikia tangu uko tumboni mwangu, nikikosea utajua."

"Mama, lakini mkono..."

"Wa kushoto ninao. Wa kulia," akanielekezea kidevu, "wa kulia ni huyu."

Binamu alinitazama jinsi anavyotazama jino la kung'oa. Lakini akakubali. Alisema mbele yetu sote: mama akicheza sonata yake hadi mwisho bila kupoteza njia, nyumba haifungwi, atatafutwa mtu wa kumsaidia jikoni na mambo yaishie hapo. Akipoteza njia, anahama mwezi huohuo. Shangazi akasema sawa. Mimi nikasema sawa kwa sauti kubwa kuliko wote, nikiwa sijaulizwa.

Basi tukaanza. Kama hujawahi kucheza nusu ya piano, sijui nikuelezeje. Ni kama watu wawili kuvaa shati moja, mmoja apitishe mkono huu, mwenzake ule, kisha mtembee barabarani bila kuchana mshono. Tulikaa benchi moja, yeye kushoto mimi kulia. Mkono wake wa kushoto ulipiga besi, wangu wa kulia ulipiga nyimbo za juu. Pedali ilikuwa ya mguu wangu kwa sababu mguu wake haukuwa na habari nayo. Siku za mwanzo tulikuwa tunagongana kama vipofu mlangoni. Akanifundisha kupumua naye. Akivuta pumzi, navuta, akishusha, tunaingia. Nilijua hata kabla hajaanza kwamba leo goti linamuuma, kwa vile pumzi ilikatika njiani.

Piano yenyewe ilikuwa ya kuegemezwa ukutani, nzee, na msimu wa mvua mbao zilivimba hivi kwamba kibonyezo kimoja upande wangu kikishuka hakikutaka kupanda. Shangazi alikiita Mkwe. "Mguse Mkwe taratibu," alikuwa akisema, "hapendi kuamriwa."

Sasa niieleze hiyo sonata, na usinikimbie, nitafupisha. Mtunzi wake ni wa zamani sana, amekwisha kuwa vumbi, na siku anaitunga sidhani kama alikuwa na raha. Sehemu ya kwanza ina nyimbo mbili. Wimbo wa kwanza uko nyumbani, na hapo nyumbani pana giza. Sauti ni za chini, kama mtu anayetembea chumba hadi chumba akitafuta kitu asichokumbuka ni nini. Wimbo wa pili unatoka nje, ugenini, kwenye jua. Huo unacheka. Baadaye zote mbili zinavurugwa pamoja, zinagombana, vyombo vinavunjika. Ugomvi ukiisha, mambo yanaanza upya kama mwanzo, ila safari hii wimbo wa pili hautoki nje. Unabaki nyumbani. Wimbo uleule, mwendo uleule, lakini umeteremshwa gizani, na unalia.

Mtego uko hapo. Noti zinazokuleta kwenye wimbo wa pili ni zilezile mara zote mbili, mpaka unafika noti moja. Mara ya kwanza kidole cha nne kinapanda, unatoka juani. Mara ya pili kinashuka, unabaki nyumbani. Ukikipandisha wakati wa kukishusha, kitakachofuata chote kitasikika kizuri tu, ila umeshatoka nje tena, na njia ya nje inakurudisha kwenye ugomvi, na ugomvi unakurudisha mwanzo, na unaweza kuzunguka humo mpaka wasikilizaji waote mvi.

Wapiga piano wote wanaujua mtego huo. Mimi nilikuwa nauchekea.

Kilichotugombanisha kilikuwa kingine: namna ya kuupiga huo wimbo unaolia.

"Shangazi, tuuchangamshe kidogo," nilimwambia mchana mmoja. "Tumekwisha usikia unacheka. Sasa unalia. Nani kauliza?"

"Unaogopa nini?"

"Siogopi. Nasema unachosha. Mimi harusini nikipiga kitu cha hivyo, bwana harusi atarudi kwao."

Hakucheka. "Mara ya kwanza anayeimba hajui kitakachompata," akasema. "Mara ya pili anajua. Ni hilo tu. Huongezi kitu, hupunguzi. Unaupiga kama mtu anayetaja jina la marehemu wake kwa sauti ya kawaida, huku anapanga vikombe. Ukinililia hapo nitakufukuza. Ukicheka nitakufukuza."

"Basi uso niufanye nini?"

"Uso uache kwenu."

Nikauacha. Lakini kila tulipofika pale nilipita haraka, kama anayekanyaga makaa. Kidole kilishuka ndiyo, nilikuwa nakishusha, ila kwa kujilazimisha, na moyo wangu ulikuwa tayari mbele, kwenye sehemu ya tatu, ambako kuna mbio na watu hupiga makofi. Yeye alisikia. Alisikia kila kitu. "Umepita," alikuwa akisema. "Hukukaa." Turudie. Nikae. Nipite. Turudie.

Siku moja aliacha katikati, akauweka mkono wake wa kushoto juu ya kifundo cha mkono wangu. Ulikuwa wa baridi, na mzito kuliko nilivyodhani.

"Nikienda kule nitakuwa mgeni wa mwanangu," akasema. "Mgeni wa heshima. Nitapewa kiti kizuri, nitawashiwa televisheni, wataongea polepole nikiwapo. Nimewaona wenzangu. Wanakaa vizuri, mwanangu. Wanakaa vizuri mpaka wanakwisha."

Nilipaswa kusema neno. Nikasema, "Lakini Shangazi, utang'olewa meno bure."

Akacheka kwa upande mmoja wa uso, ule uliokuwa bado unaweza. Upande wa pili ulibaki unanitazama.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana, mvua ya tangu asubuhi, ile isiyonyesha kwa nguvu wala kukata. Sebule ilinuka makoti mabichi. Baba alikaa nyuma karibu na mlango, kofia gotini, na kwa jinsi alivyoegemea nilijua atasinzia kabla ya ugomvi. Binamu alikaa katikati, mikono kifuani, simu ameizima na kutuonyesha kwamba ameizima. Shemeji yeye alivuta kigoda hadi pembeni ya piano, upande wa Shangazi, akajibana kati ya piano na dirisha. Alisema mama akiyumba amdake. Wengine wote walikuwa wanaona migongo yetu.

Shangazi alivaa gauni lake la kijivu la siku za matamasha ya wanafunzi. Vifungo alifungiwa na mimi. Mikono yake miwili ilikuwa mapajani, mmoja umelala, mmoja unasubiri.

"Vidole," akaninong'oneza.

"Naam, Shangazi."

"Pale, kaa."

"Nitakaa mpaka unifukuze."

Akavuta pumzi. Nikavuta. Tukaingia.

Niseme kweli, tulianza vizuri hata mimi nilishangaa. Besi yake ilikuwa inatembea mle gizani kama mwenye nyumba, hahitaji taa, anajua meza ilipo. Mimi nilikuwa juu yake nikimfuata bila kumkanyaga. Mkwe alitii. Tukatoka nje juani, wimbo wa pili ukacheka ulivyopaswa, nikasikia kiti cha binamu kinalia. Alikuwa ameinama mbele. Tukaingia kwenye ugomvi, mkono wake peke yake ulikuwa unafanya kazi ya watu wawili, na jasho lilikuwa linamtiririka shavuni, upande ule usiosikia kitu, kwa hiyo hakulifuta. Ugomvi ukaisha. Tukarudi nyumbani. Nyuma yangu binamu akashusha pumzi ndefu, akasema "Eeh," polepole, kama mtu aliyeweka mzigo chini.

Eeh ile ndiyo iliyoniponza. Nikajua tumeshinda. Nyumba haifungwi. Nikaanza kutunga kichwani nitakachosema tukimaliza, kitu cha kumchoma binamu kidogo, kitu kuhusu meno na piano kwamba vyote ni vyeupe na vyeusi usipovitunza. Nilikuwa bado natafuta mwisho wa utani huo wakati kidole cha nne kilipofika kwenye noti ile.

Kikapanda.

Mkono wa Shangazi ulishuka kulekule ulikopaswa, nyumbani. Wangu ulikuwa nje. Noti mbili zikakutana ambazo hazijuani, zikatoa sauti kama ya sahani inayosuguliwa juu ya sahani. Besi ikanyamaza.

Mimi nikaendelea. Mtu mwenye akili angesimama, lakini aliyezoea harusi hasimami. Nikawa napiga wimbo wa furaha peke yangu katika sebule yenye mvua, mkono mmoja, kitu chembamba kama uzi. Nilihisi Shangazi amegeuka kunitazama. Sikumtazama. Niliviangalia vibonyezo kana kwamba ndiyo kwanza nimeviona. Kisha besi ikarudi, chini kwa chini. Alikuwa amenifuata. Aliacha njia yake akaja nje niliko, kama mzazi anayemfuata mtoto barabarani kwa kuogopa kumwita kwa nguvu.

Tukafika kwenye ugomvi kwa mara ya pili. Hapo nadhani hata baba alijua kuna jambo.

"Tulia," Shangazi akanong'ona bila kuacha kupiga. "Tunazunguka, tunarudi. Tulia, Vidole."

Angeweza. Angetuzungusha wote wawili, akatufikisha tena pale, na safari hii kidole kingeshuka. Ila mimi ndiye nilikuwa na hicho kidole, na hakikuwa changu tena.  Nikawaza: tukifika pale kikapanda tena? Mbele ya binamu, mbele ya baba? Mimi, Vidole? Basi sikungoja kufika. Nikaruka. Nikaruka kila kitu, nikatua kwenye zile noti nzito za mwisho, nikazipiga kwa nguvu zote peke yangu, moja, ya pili, ya tatu, pedali chini.

Mkono wa kushoto ulibaki hewani. Nilipoachia pedali, nilisikia mvua.

Baba akaamka, akapiga makofi.

Binamu alikuja, akapiga magoti mbele ya benchi, upande wa mama yake. Hakuwa na furaha ya kushinda. Ningependa kukwambia alikuwa nayo, ingenisaidia. "Mama," akasema, "mkono ulisimama. Mara mbili. Mwenzako akaendelea peke yake. Ilikuwaje?"

Shangazi akageuza kichwa. Alinitazama mimi. Alinitazama kama zamani, viganja vikiwa vimegusa rula, na akangoja.

Nikainama chini ya piano. "Pedali hii inalia," nikasema. Pedali haikuwa inalia.

Nilikaa kule chini muda wa kutosha kuona viatu vya watu wote. Juu yangu nikasikia sauti yake, taratibu, haina hasira. "Mwalimu akikaa benchi moja na mwanafunzi, kosa ni la mwalimu. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha. Andika ni langu."

"Hakuna kosa, mama. Umechoka tu. Umechoka." Akampapasa bega kama anavyompapasa mgonjwa kabla ya sindano.

Nikatoka chini. Chumba kilikuwa kizito, kila mtu anatazama sakafu, na mimi chumba kikiwa kizito siwezi, ni ugonjwa. "Basi tuseme ni kosa la Mkwe," nikasema. "Mkwe ndiye aliyegoma." Baba akacheka, binamu naye akajilazimisha kidogo. Shangazi aliuchukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akautoa pembezoni mwa vibonyezo ulikokuwa umeteleza, akaulaza mapajani, akakifunga kifuniko. Sehemu mbili zilizobaki za sonata hakuna aliyeziuliza.

Tukitembea kwenda nyumbani baba alisema, "Dada yangu amezeeka."

"Ndiyo, baba."

"Alikuwa haikosei ile. Hata usingizini."

"Ndiyo, baba."

Mvua ilikuwa inaniingia shingoni. Sikuinua kola.

Sasa watu hutaka habari. Kinyozi akaniuliza ilikwendaje, nikamwambia ilikwenda hivi na hivi. Wenzangu wa bendi ya harusi wakaniuliza, nikawaambia. Na habari, wewe unajua, haikai na njaa: kila mdomo unailisha kidogo. Kwa kinyozi nilisema tulikwama. Kwa bendi nikasema Shangazi alikwama. Kufikia wiki iliyofuata nilikuwa nimembeba mgongoni toka mwanzo wa sonata hadi mwisho, na watu walikuwa wananipa pole kwa uzito. Sikuhisi nadanganya. Nilihisi napanga tu vitu chumbani.

Kwa Shangazi nilikwenda mara moja tu kabla ya kuhama. Alikuwa anakunja nguo kwa mkono mmoja, akibana upande wa pili kwa kidevu. Nikataka kumsaidia, akasema, "Hii naiweza." Hatukuzungumza habari ya piano. Nilipokuwa natoka akasema, bila kuinua kichwa, kwamba kule ghorofani haitaingia, wamepima ngazi. "Ichukue wewe. Nimekwisha mwambia mwanangu." Nikasema asante. Nikasubiri aseme lingine. Alikuwa ameshachukua shuka.

Siku ya kuhama kulikuwa na wingu lile la kukaa juu ya mapaa tu. Lori la baba mmoja wa mtaa wa pili lilisimama kinyumenyume mlangoni, na wapakizi wanne wakaingia kuitoa piano. Sebule ilikuwa tupu. Ukutani palipokaa piano palibaki alama ya rangi iliyo safi kuliko kwingine. Shangazi alikuwa ameshaketishwa ndani ya gari la binamu, mkanda umefungwa, dirisha limeshushwa nusu. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo cha gari, ingawa gari lilikuwa halijawashwa. Binamu alikuwa nyuma ya nyumba anafunga madirisha. Ungesikia yanavyobamizwa moja baada ya jingine.

Wapakizi waliitua piano barazani wapumzike. Iliguna ndani kwa ndani, noti zote kwa pamoja.

"Hili jeneza la nani?" mkubwa wao akauliza. Kipande cha mtu, shingo imeshikamana na mabega.

"La kwangu," nikasema.

"We kijana mwembamba hivyo? Unaliweza?"

"Naliweza? Kaka, umesikia habari za Jumapili ile? Yule mama pale garini ni mwalimu wangu. Tulikuwa tunacheza sonata, kitu kigumu, watu wa maana wamekaa. Katikati mkono ukamganda. Kasahau! Kichwa cheupe. Mimi hapa, mkono mmoja, nikambeba mpaka mwisho. Bila mimi ingekuwa aibu."

"Ukambeba?"

"Nikambeba."

"Lo, maskini," akasema mpakizi. Akageuka akamtazama Shangazi kupitia dirisha lile la nusu, wenzake nao wakageuka, wanne kwa mkupuo, kwa ile huruma ya kutazama kiti kilichovunjika mguu. Sijui kama alisikia. Aliendelea kutazama mbele.

"Vidole." Shemeji alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, na boksi la vikombe kiunoni. "Njoo unishikie."

Nikaenda. Nikanyoosha mikono. Hakunipa boksi.

"Hebu rudia," akasema.

"Nirudie nini, shemeji?"

"Ulivyombeba mama."

"Aa, shemeji nawe! Maneno ya kupozea mzigo tu hayo. Wapakizi bila hadithi hawanyanyui."

"Mimi muziki siujui," akasema. Hakupandisha sauti, ilibidi nisogee nimsikie. "Ukinipigia leo na kesho sijui ipi ni ipi. Lakini siku ile sikuwa nasikiliza. Nilikuwa namtazama mama usoni tu, naogopa ataanguka. Mkono wake haukuganda. Aliunyanyua. Akageuka akakutazama, akatikisa kichwa. Akasema 'nyumbani', kwa midomo, hivi. Wewe hukugeuka. Akangoja. Alipoona hugeuki ndipo akakufuata. Sasa niambie, mtu aliyesahau ndiyo anafanya hivyo?"

Nilitafuta utani. Huwa upo, huwa unapanga foleni, kazi yangu ni kuchagua tu. 

"Mbona hukusema siku ile?" ndicho kilichotoka.

"Mama alikuwa anakutazama wewe. Nami nikakutazama wewe. Nikasema acha, atasema mwenyewe, ni mtoto wake huyu. Ulipoingia chini ya piano nikangoja utoke. Tumefunga masanduku wiki nzima, nangoja. Leo asubuhi ulipoingia pale getini nikajiambia moyoni, haya sasa."

Nyuma yake mlango wa jikoni ulifungwa, funguo zikalia, na binamu akaja ukumbini akijifuta mikono kwa leso. Akamtazama mkewe, akanitazama mimi, kisha akaitazama piano barazani na wapakizi wanaosubiri.

"Mbona mmesimama? Mvua hiyo inakuja," akasema. "Kuna nini?"

Shemeji akalihamisha boksi kiuno hiki hadi kile, vikombe vikagongana.

"Muulize Vidole," akasema.